MGONJWA APAKULIWE KWANZA



Watu wa Nachingwea na Ruangwa ni watu wa kujuliana hali. Mtu akirudi kutoka hospitali ya mbali, habari zake hufika kijijini kabla yeye hajashuka katika basi. Jioni hiyo hiyo ua hujaa watu. Huyu amekuja na kuku, huyu na bakuli la mbaazi za nazi, huyu na papai la shambani kwake, na bibi mmoja amekuja na mizizi aliyoiloweka ndani ya chupa tangu jana. Desturi hizi ni njema, wala siandiki ili kuzivunja. Nataka kueleza jambo moja tu. Mtu aliyetoka kutibiwa saratani aweza kurudishwa hospitali, na hata kupoteza maisha yake, kwa chakula kile kile tunachokila sisi bila kudhurika. Na kumkinga hakutaki fedha nyingi. Kwataka chungu kilichochemka, mikono iliyonawiwa, na nyumba iliyokubali kubadili zamu ya kupakua.

Mimi si mganga. Ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne, na elimu yangu ya mwili ni ile ya darasa la baiolojia na vitabu nilivyovisoma. Lakini katika ukoo wetu yupo mama mdogo aliyetibiwa saratani, na likizo moja nilikaa naye nyumba moja. Kwa hiyo nitasema niliyosoma na niliyoona, na walio wakubwa kuliko mimi watanisahihisha.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini mwili wa mgonjwa huyu si kama wetu. Katika damu mna chembe nyeupe, nazo ndizo askari wa mwili. Kila siku twameza vijidudu pamoja na maji na chakula, na askari hao huviua sisi tusipate habari. Huzaliwa ndani ya uboho, yaani ute ulio katikati ya mifupa. Maisha yao ni mafupi, hivyo hapana budi wapya wazaliwe kila siku.

Sasa, dawa nyingi za saratani zimetengenezwa kuua chembe zinazozaana upesi, kwa sababu hiyo ndiyo tabia ya saratani. Lakini dawa hizo hazijui kuchagua vizuri. Huua pia chembe za mizizi ya nywele, ndiyo maana nywele hupukutika. Huua chembe za ngozi laini ya kinywa na matumbo, ndiyo maana mgonjwa hupata vidonda vya mdomo na kuharisha. Tena huua chembe za uboho, na hapo askari hupungua. Kwa dawa nyingi upungufu huo huwa mkubwa kati ya siku ya 7 na siku ya 14 baada ya kuchomwa dawa, kisha askari huongezeka polepole mpaka wiki ya 3 au ya 4. Basi mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani kati ya dawa na dawa huwa mikononi mwetu siku zile zile ambazo boma lake halina mlinzi.

Watu wetu wa kusini wanaotafuta tiba hii husafiri zaidi ya kilomita 500 mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Jengo lake la zamani lilimalizwa na Wajerumani mwaka 1897 likiwa hospitali yao, na taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria mwaka 1996. Safari hiyo ina nauli, ina kulala kwa jamaa, ina mashamba yaliyoachwa bila palizi. Na matibabu yenyewe si ya bure moyoni: mtu hutapika, hukonda, huogopa. Lakini wengi hupata nafuu, na wengine hupona kabisa. Jirani zetu wa Uganda waliliona jambo hilo zamani. Mwaka 1958 Dr. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe unaoshika taya za watoto, na miaka iliyofuata ikaonekana kwamba baadhi ya watoto hao walipona kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 ikaanzishwa huko Kampala taasisi ya saratani. Basi mtu akivuka bahari yote hiyo, je, si msiba azame ufukweni kwa kikombe cha maji mabichi?

Sasa nieleze niliyoyaona. Mama mdogo aliporudi, watu wa nyumbani walikuwa wamesikia kwamba awe na vyombo vyake. Hawakuambiwa sababu. Basi alitengewa sahani ya zamani iliyobanduka rangi na kikombe kisicho na mkono, akawekewa chakula chake mwisho, baada ya watu kula, kando ya jiko. Jirani mmoja alinong'ona kwamba saratani huambukiza. Mama mdogo alisikia. Hakusema neno, ila machozi yalimtoka, na chakula hakukigusa. Kesho yake wanawake walipokaa kula, alikuja akaketi, akatia mkono katika sinia moja na wenzake, ili waone kuwa yeye bado ni mtu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkataza. Siku ya tatu akashikwa na homa na kuharisha, tukampeleka hospitali usiku. Alipona, namshukuru Mungu. Hapana awezaye kusema kwa hakika ni chakula kipi kilichomdhuru. Lakini naona wazi kwamba alisukumwa kwenye lile sinia na aibu.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Sahani ya peke yake ni shauri jema, lakini maana yake imegeuzwa. Watu hudhani imewekwa ili kutukinga sisi na mgonjwa. La, imewekwa ili kumkinga mgonjwa na sisi. Saratani haiambukizwi kwa sahani, wala kikombe, wala mkono. Hata zile zinazoanzishwa na virusi, kama saratani ya mlango wa kizazi, hazipiti njia ya chakula. Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, na taifa zima lilimlilia. Nani aliyethubutu kusema kwamba ugonjwa ule ni wa kunong'onezana jikoni? Wachafu katika habari hii ni sisi wazima, tuliotoka sokoni, shambani na katika basi, na mikono yetu imebeba vijidudu ambavyo askari wetu huvimaliza, lakini askari wake hawawezi.

Basi shauri langu ni hili: mgonjwa apakuliwe kwanza. Katika nyumba zetu, anayepakuliwa kwanza ni baba, au babu, au mgeni wa heshima. Chakula kikiiva, kingali kinatoa moshi, mkono wa mtu yeyote haujaingia, mpishi aliyenawa kwa sabuni achukue sahani nzuri kuliko zote, iliyooshwa na kukaushwa, ampakulie mgonjwa wa kwanza. Kisha wengine wapakuliwe, na wote wale pamoja, mahali pamoja, chakula kile kile. Sahani ni ile ile moja ya peke yake, lakini mgonjwa aliyepakuliwa mwisho kando ya jiko ametengwa, na aliyepakuliwa kwanza mbele ya watu ameheshimiwa. Tena faida ya mwili imo humo humo, maana chakula cha kwanza kutoka chunguni ndicho cha moto zaidi na kisichoguswa.

Wazee watasema, "Sisi tumekula sinia moja tangu utoto, mbona hatukufa?" Nawajibu kwa adabu: ni kweli, kwa sababu askari wenu walikuwapo. Mlango uliofungwa kwa komeo haujali mwizi anayepita. Mlango huo huo ukiondolewa komeo, kila apitaye ni hatari. Wala siombi sinia livunjwe. Naomba mtu mmoja apumzishwe kwa majuma kadhaa, mpaka daktari aseme nguvu zake zimerudi.

Yako makosa mengine nayo hutokana na upendo. Mara nyingi jamaa humnyima mgonjwa vyakula vingi kwa hofu. Huyu asema asile nyama, huyu asema asile mayai, huyu asema sukari na matunda vyote ni mwiko. Mwisho mgonjwa hubaki na uji mweupe, naye anakonda kila siku. Ama kwa hakika mwili unaojenga upya damu na ngozi wahitaji vya kujengea. Wahitaji mayai, samaki, kuku, maziwa, maharage, kunde, mbaazi na njugu mawe, na vyote hivi, Mungu atupe nini tena, vyapatikana kwetu. Asiye na fedha ya nyama asijione amekosa, maana mbaazi za Nachingwea zilizopikwa mpaka zikalainika, na kijiko cha ufuta uliokaangwa na kusagwa, ni chakula cha nguvu.

Mgonjwa asiye na hamu asipewe sahani kubwa ya kumtisha. Apewe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Mwenye vidonda mdomoni apewe laini: uji wa mahindi au mtama uliotiwa maziwa yaliyochemshwa, viazi vitamu vilivyopondwa, yai lililoiva, mchuzi wa samaki usio na pilipili wala ndimu. Na wakati wa Ramadhani asione haya kula, kwa kuwa dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Kinachodhuru mara nyingi ni uchafu, ubichi na ulalaji wa chakula, kuliko aina ya chakula chenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mafunzo matano ya chakula salama, nayo ni haya: usafi, kutenga kibichi na kilichopikwa, kupika mpaka kiive kabisa, kutunza chakula katika joto au baridi ipasayo, na kutumia maji na vyakula vilivyo salama. Nitayaeleza kwa mambo ya nyumbani kwetu.

Juu ya maji. Nachingwea tumepata maji ya bomba kutoka Mbwinji, na vijijini wako bado wachotao visimani na mtoni. Lakini hata maji ya bomba yakikaa siku mbili katika dumu lisilooshwa huchafuka. Maji ya mgonjwa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1 au zaidi, yapozwe yamefunikwa, yatiwe katika chombo chake chenye mfuniko, na yamiminwe badala ya kila mtu kuzamisha kikombe. Dawa za kienyeji zilizolowekwa katika maji mabichi zisinywewe siku hizo. Wala bibi asitukanwe. Aambiwe kwa upole kwamba daktari ataulizwa kwanza, maana dawa mbili huweza kugombana mwilini.

Juu ya kiporo. Wengi wetu asubuhi twala ugali au wali wa jana, nasi twaufurahia. Mgonjwa asipewe. Chakula kilichokaa bila barafu huzaa vijidudu usiku kucha, na wali uliolala huweza kuwa na sumu isiyokufa hata ukipashwa moto. Nyumba isiyo na friji ipike chungu kidogo mara nyingi, na kitakachobaki tukile sisi vijana. Najua kuni na mkaa ni ghali. Lakini chungu kidogo huiva upesi, na nauli ya kwenda hospitali usiku ni ghali zaidi.

Juu ya nyama, mayai na maziwa. Nyama iive mpaka isitoe maji mekundu, yai liwe gumu mpaka katikati, maziwa yachemshwe hata kama yametoka kwa ng'ombe wa jirani mwema. Kisu na ubao uliokatia kuku mbichi usikatie mboga kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Maziwa ya mgando yasiyochemshwa, na togwa, vingoje mpaka nguvu zirudi. Pombe iachwe kabisa, na uraka wa mabibo usije ukaletwa kwa jina la maji ya matunda.

Juu ya matunda na mboga. Wako wanaodhani kwamba matunda mabichi yote ni hatari kwa mtu huyu. Zamani hata hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliyakataza. Lakini utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2023, juu ya wagonjwa waliopandikizwa chembe za uboho, ulionyesha kwamba walioruhusiwa matunda na mboga mbichi zilizooshwa vema hawakushikwa na maambukizo zaidi ya waliokatazwa. Siri ni kuosha. Kwa hiyo papai, ndizi, embe au chungwa zima lisilopasuka lioshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda kuupeleka ndani. Limenywe na mtu aliyenawa, liliwe hapo hapo. Vipande vya matunda vinavyouzwa stendi, vikitembelewa na nzi tangu asubuhi, viachwe. Kachumbari ya mkahawani iachwe. Kisamvu, matembele na majani ya maboga, vikioshwa na kupikwa, ni vyema sana.

Mwisho, karanga. Nachingwea ilijulikana duniani kwa karanga, pale Waingereza walipoanzisha mpango wao mkubwa mwaka 1947, nao ukashindwa na kuachwa mwaka 1951. Wao waliondoka, karanga zikabaki nasi. Lakini karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu, ambayo kwa Kiswahili huitwa sumukuvu. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ikiliwa kidogo kidogo miaka mingi huweza kuleta saratani ya ini. Moto wa jikoni hauimalizi. Tena ukungu wenyewe ni adui wa mtu asiye na askari, hata kwa kuvuta vumbi lake, kwa hiyo mgonjwa asipewe kazi ya kupukuchua wala kupepeta. Karanga zake zichaguliwe moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyo chungu, itupwe mbali, wala asipewe kuku. Nzuri zikaangwe na kusagwa siku ile ile. Tusiwe watu wa kuuza nzuri sokoni na kula mbovu nyumbani.

Pamoja na hayo yote, homa yaweza kuja. Hapo pasiwe na mashauri marefu. Joto la mgonjwa wa namna hii likifika 38, au akitetemeka kwa baridi, au akiharisha sana, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane, na jamaa waseme mlangoni kabisa: "Huyu yumo katika dawa za saratani." Kungoja asubuhi kwaweza kuwa kungoja mno. Nyumba yenye mgonjwa na iweke akiba ya nauli kabla ya homa, kama vile watu wawekavyo mbegu kabla ya mvua.

Sasa nawageukia wenzangu wanafunzi. Yawezekana mwaona mambo haya ni ya mama zetu. Lakini tukifika nyumbani likizo, ni nani achotaye maji? Ni nani apuliziaye moto, apukuchuaye karanga, atumwaye sokoni? Ni sisi. Wavulana wasikwepe, kuchemsha maji hakupunguzi uanaume wa mtu. Tena wageni wajapo, ni rahisi kijana kusimama mlangoni na birika la maji na sabuni akisema, "Karibuni, mama, nawieni kabla ya kumsalimu," kuliko mgonjwa mwenyewe kulisema. Mgeni mwenye kikohozi au mafua aombwe kwa heshima arudi siku nyingine.

Kwa walimu wetu nina ombi dogo. Mahali pa kunawia karibu na bwalo pasikose sabuni, hasa zile dakika chache kabla ya kengele ya chakula. Katika shule ya watu mamia huwezi kujua ni nani mwenye udhaifu wa mwili aliouficha, wala si lazima tumjue. Sabuni humkinga bila kumtaja.

Na kwa wazazi wetu nasema kwa heshima: zawadi zenu kwa wagonjwa ziendelee. Lakini badala ya chakula kilichopikwa asubuhi na kutembezwa juani, leteni mayai mazima, kuku hai, mzigo wa kuni, gunia la mkaa, kipande cha sabuni. Hivyo mpishi wa nyumba atapika vibichi, vya moto, kwa mikono misafi. Mgonjwa atapakuliwa kwanza, ataketi katikati ya jamaa zake, na hakuna atakayeuliza kwa nini sahani yake ni ya peke yake, kwa kuwa itakuwa ndiyo sahani nzuri kuliko zote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne